Ukombozi Uliokwisha Kulipiwa: Tumaini na Ungamo katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Fundisho la ukombozi lina ugumu ambao haufai kufunikwa, kwa kuwa Mkristo anaambiwa katika Waefeso 1:7 kwamba amekwisha kukombolewa, na katika Warumi 8:23 kwamba bado anaungoja ukombozi wa mwili wake. Picha ya ukombozi huo iko katika Mambo ya Walawi 25, ambamo mkombozi ni ndugu wa karibu anayelipa ili jamaa yake aliyefilisika, akauza shamba au hata nafsi yake, arudishiwe urithi na uhuru. Jamaa huyo hana cha kuchangia. Lililobaki kwake ni kuamini kwamba malipo yamefanyika, kisha kuishi kama mtu huru.

Namna ya kuishi hivyo ilionekana wazi katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao chimbuko lake hutajwa kuwa ni maombi ya pamoja ya Simeoni Nsibambi, Mganda, na Dk. Joe Church, tabibu Mwingereza, huko Namirembe mwaka 1929, na ambao katika miaka ya 1930 ulienea kutoka hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Katika mikutano ya ushirika, yaani vikao vya waliookoka, ndugu alisimama akaitaja dhambi yake kwa jina, iwe wizi, uzinzi au chuki dhidi ya jirani, na wenzake wakaitikia kwa wimbo wa Tukutendereza, ulioimbwa kwa Kiganda hata mahali ambapo Kiganda hakikuwa lugha ya watu. Waliodhulumu walirudisha mali na kulipa madeni. Wachunguzi wengine wameliona ungamo hilo kama bei ya kupata msamaha, lakini tafsiri hiyo inageuza mambo juu chini: aliyeamini kwamba deni lake limelipwa hakuwa tena na sababu ya kulificha, na hiyo ndiyo maana ya usemi wao wa kutembea nuruni, uliotokana na 1 Yohana 1:7.

Hatari, hata hivyo, ilikuwapo. Palipozuka masharti mapya ya kupima nani ameokoka kweli, kama yale ya kundi la Bazukufu ndani ya Uamsho wa Uganda kuhusu madeni, ushirika uligawanyika, kwa sababu tumaini lilikuwa limehamishwa kutoka kwa Mkombozi likawekwa katika ukali wa waliokombolewa.

Kipimo kizito zaidi kilikuja na damu. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, ndugu wa Uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kiapo cha wapiganaji hao, na wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa tarehe 16 Februari 1977 baada ya maaskofu kuupinga ukatili wa serikali ya Idi Amin. Askofu Festo Kivengere, aliyekimbilia Rwanda, alitoa mwaka huohuo kitabu ambacho jina lake linatangaza upendo kwa Idi Amin. Upendo huo haukumwondolea mtawala lawama, kwani Kivengere aliendelea kuyashutumu mauaji hadharani. Ulitokana na imani kwamba msalaba uliomkomboa yeye ulisimamishwa pia kwa ajili ya muuaji, na kwamba miili iliyozikwa, ukiwamo wa Luwum, bado inaungoja ukombozi anaoutaja Paulo.