Diski Nyuma ya Motokaa: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Tawi

(Maneno haya yalisomwa katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Katika mkutano uliopita mlitutuma sisi watu watatu wa karakana tuchunguze jambo ambalo limeleta maneno mengi kuliko hata mshahara. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa fedha za akiba yetu zitumike kuondoa breki za ngoma katika magurudumu ya nyuma ya motokaa zetu mbili na kutia breki za diski? Ya kwanza ni Land Rover 110 ya mwaka 1989, ile inayotupeleka matangani. Ya pili ni Toyota Hiace ambayo kundi la akiba limeiweka barabarani kuchukua abiria. Mlituruhusu tuanze na Land Rover ili tuone. Basi Land Rover tumeimaliza, na ya Hiace tunaikataa. Twaomba msikilize sababu kabla hamjapiga kelele.

Kwanza tufahamiane, maana hapa wamo makarani, na wamo ndugu wa magenge ya njia ambao hawajafungua gurudumu. Ngoma ni chuma cha mviringo kilicho wazi upande mmoja kama sufuria, nacho huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vilivyobandikwa ukanda mgumu. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki huvisukuma viatu vitanuke na kusugua ukuta wa ngoma kutoka ndani. Tena ngoma ina werevu wake. Kiatu kimoja kikigusa ukuta unaozunguka huvutwa na mzunguko wenyewe, kikajikaza zaidi, na kwa hiyo mguu wa dereva haufanyi kazi kubwa. Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi, na kalipa huibana huku na huku kwa pedi mbili, kama vile mtu abanavyo karatasi kwa vidole. Diski haina ule werevu wa kujikaza. Nguvu yote sharti itoke kwa mguu na kwa chombo kinachousaidia mguu.

Sasa mtu atauliza, kama ngoma ina werevu, mbona diski inasifiwa? Ni kwa ajili ya joto. Breki haifanyi kazi nyingine ila kugeuza mwendo kuwa joto. Mwendo ukizidi mara mbili, joto halizidi mara mbili bali mara nne. Motokaa ya kilomita 80 kwa saa humpa breki kazi mara nne ya ile ya kilomita 40. Chukueni gari lililojaa watu, lishuke kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu kwa ile barabara waliyoijenga mateka wa Kiitaliano wakati wa vita, wakaacha na kanisa dogo kule chini. Dereva akishuka kwa breki badala ya gia, ngoma hushika moto, hutanuka, na ukuta wake unavikimbia viatu. Pedali nayo huzama. Dereva wa namna hiyo huliona lile kanisa kwa macho mengine. Diski ikipata moto hunenepa kuelekea pedi, haizikimbii, na kwa kuwa i wazi, upepo huipoza. Ikipita majini hukauka upesi, bali ngoma huhifadhi maji na matope kama mtungi.

Hayo si mapya. Lanchester, Mwingereza wa Birmingham, alipata hati ya diski mwaka 1902. Mwaka 1953 motokaa za Jaguar zenye diski zilishinda mashindano ya Le Mans huko Ufaransa, na mwaka 1955 Citroën wakaziweka mbele katika motokaa yao ya DS. Zilianza mbele katika motokaa nyingi, wala si kwa bahati. Gari likifunga breki uzito hukimbilia mbele, hata abiria huinama. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayobeba zaidi ya nusu ya kazi. Kwa hiyo mwenye diski mbele na ngoma nzima nyuma si maskini, ndugu zangu. Land Rover yetu na Hiace yetu zote zilitoka kiwandani zikiwa na diski mbele.

Sisi watu wa reli tuna desturi ya kuuliza neno moja mbele ya yote: ikikatika, itakuwaje? Westinghouse wa Marekani alipotengeneza breki yake ya hewa ya kujifunga yenyewe, mwaka 1872, aliipanga hivi: hewa ikiwa imejaa katika bomba, breki imefunguka, na hewa ikipotea, breki inafunga. Behewa likikatika mlimani, bomba linapasuka na behewa linajisimamisha. Motokaa ndogo ni kinyume kabisa. Mafuta yakimwagika, breki imepotea. Ndiyo sababu motokaa za siku hizi zina njia mbili za mafuta, moja ikifa nyingine ibaki, na ndiyo sababu kuna breki ya mkono inayovutwa kwa kamba ya chuma bila mafuta. Mtu asiyeijali breki ya mkono, huyo hatukubali aguse gari letu.

Na hapa ndipo zinapoachana Land Rover na Hiace.

Katika Hiace, kamba ya breki ya mkono huenda mpaka ndani ya ngoma za nyuma na kuvitanua vile vile viatu. Ukiondoa ngoma, umeondoa na breki ya mkono. Ukitaka diski sharti ununue kalipa yenye mkono wake wa kamba, au diski iliyo na ngoma ndogo katikati yenye viatu vyake. Vitu hivyo vipo, lakini vitoshee ekseli ile, vilingane na masta silinda ile, na vikubaliwe na mkaguzi wa serikali, maana gari la abiria hukaguliwa kila mwaka. Fundi wengi husema, "Hiyo tutaifunga baadaye."

Maneno hayo, "tutaifunga baadaye", tunayajua. Mwana wa mmoja wetu alikuwa utingo wa pikapu ya kuchukua viazi. Mwenye pikapu aliipeleka kwa fundi mmoja wa mji huu ikatiwa diski nyuma, nzuri kwa macho, zinang'aa. Breki ya mkono haikufungwa. Kamba ilikunjwa na kufungwa kwa waya chini ya gari. Tangu siku hiyo kazi ya breki ya mkono aliifanya yule kijana kwa jiwe. Gari likisimama, anaruka na kuweka jiwe. Likiondoka, anatoa jiwe na kulikimbilia. Miezi mitatu. Siku moja ya mvua, mtelemko wa sokoni, jiwe liliteleza mkono wake ukiwa bado chini ya tairi. Vidole viwili havipo sasa. Ni mkono wa kulia.

Mwenye gari alisema ni uzembe wa utingo. Fundi alisema yeye aliambiwa atie diski, hakuambiwa breki ya mkono. Kisha wote wawili wakasema kijana hana barua ya kazi, kwa hiyo si mfanya kazi wa mtu. Tulikwenda naye ofisi ya kazi. Ndugu, shikeni neno hili hata kama mtasahau habari zote za diski: sheria ya kazi ya mwaka 2007 inatambua mkataba wa mdomo, na sheria ya fidia ya mwaka huo huo ni ya kila aliyeajiriwa kwa mshahara, haimwachi utingo. Shauri bado halijakwisha. Aliyewahi kumwona kijana akifanya kazi katika pikapu ile na aje atupe jina lake, kwa kuwa mashahidi ndio tunaowahitaji.

Land Rover ni habari nyingine. Breki yake ya mkono haiko magurudumuni. Ina ngoma yake peke yake nyuma ya giaboksi, inayoshika propela shafti. Tukaondoa ngoma za nyuma bila kuigusa. Vyombo tulivitoa katika ekseli ya Land Rover ya miaka ya baadaye, iliyotoka kiwandani na diski nyuma: habu, diski, kalipa, na vyuma vya kuzishikia. Hatukuchomelea kitu. Kalipa iliyoshikwa na chuma cha kuchomelewa uani hatuiamini. Sili za mafuta ya ekseli tulitia mpya, kwa sababu zile za zamani ndizo zilizokuwa zikivuja na kulowesha viatu. Kusema kweli, nusu ya malalamiko yenu juu ya breki za Land Rover yalikuwa ni sili hizo, wala si ngoma.

Tena tulikosa mara moja, nasi twakiri. Ili kuokoa fedha tulibakiza masta silinda ya zamani. Tulipomaliza kutoa hewa katika mabomba, pedali ilishuka karibu na sakafu, kwa maana kalipa hutaka mafuta mengi kuliko silinda ndogo za ngoma. Tukanunua ile inayoandamana na diski za nyuma, pamoja na vali yake. Kisha tukaijaribu gari tupu, kwenye murram iliyolowa, mahali pasipo watu, mmoja wetu akiangalia kutoka kando ni magurudumu gani yanafunga kwanza. Yalikuwa ya mbele. Yakitangulia ya nyuma, gari hugeuka likaangalia lilikotoka, na hiyo ndiyo hatari ya kuongeza nguvu nyuma bila kupima.

Neno la vumbi. Tulipofungua ngoma za zamani ndugu mmoja alileta bomba la hewa apulizie ndani. Tulimzuia. Viatu vya breki vya miaka ya zamani, na pedi pia, vingi vilikuwa na asbesto. Vumbi lake halionekani vizuri kwa macho, huingia mapafuni likakaa, na ugonjwa huja baada ya miaka 20 au 30, wakati mtu amekwisha staafu na hakuna anayekumbuka alikuwa akifanya kazi gani. Wazee wetu waliofunga boila za garimoshi kwa asbesto hawakuambiwa. Sisi tumeambiwa. Loweka kwa maji, pangusa kwa kitambaa kibichi, kitie katika mfuko na uufunge. Nguo za kazi zisiende nyumbani kufuliwa pamoja na za watoto. Na mwajiri asipotoa vitu hivyo, jambo hilo liletwe hapa mezani, si kunung'unikiwa pembeni.

Fedha zilizobaki ziko kwa mtunza hazina, na stakabadhi zote ziko hapa, kila mtu aweza kuzisoma. Kwa ajili ya Hiace twaomba viatu vipya, silinda ndogo mpya, kamba mpya ya breki ya mkono, ngoma zipimwe kama bado zina unene, na mafuta ya breki yabadilishwe, kwa kuwa hunywa maji ya hewani, nayo yenye maji huchemka upesi mlimani. Gharama yake ni ndogo kuliko ile mliyokusudia.

Jumamosi saa nne asubuhi Land Rover itakuwa juu ya magogo nyuma ya karakana, magurudumu ya nyuma yametolewa. Njoni mtazame. Mwenye shati jeupe asimame mbali kidogo.