Simu Ilipozima, Kikundi Nacho Kikataka Kuzimika

Hotuba ya wanachama iliyosomwa Katoro, Geita, siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi chetu





Miaka kumi si haba. Tulipoanza mwaka 2015 walikuwapo waliosema, "Hawa wataachana kabla ya masika." Masika kumi yamepita na bado tupo. Kinamama oyee!

Mama Mwenyekiti amekwisha kueleza hisa, mikopo na mfuko wa jamii, nasi hatutarudia. Sisi wanachama wa kawaida tuliombwa tuseme jambo moja tu tulilojifunza katika miaka hii kumi. Tulikaa tukajadiliana jioni tatu. Wengine walitaka tuzungumzie mabati tuliyoezekea, wengine watoto tuliosomesha. Mwisho tukakubaliana, ingawa si wote kwa furaha, kwamba tuzungumzie ile simu. Wanachama wa zamani mnaijua habari hii. Wapya mmeisikia nusunusu. Leo tuimalize.

Ndugu wageni waalikwa, kikundi chetu kilianza kwa sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Hatukubuni sisi utaratibu huu. Vikundi vya namna hii vilianza mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, kwa msaada wa shirika la CARE, vikasambaa Afrika nzima mpaka vikatufikia. Uzuri wa sanduku ni kwamba kila mtu analiona. Fedha inahesabiwa mbele ya macho yetu, tunasema kiasi kwa sauti, tunafunga, tunakwenda zetu.

Lakini hapa kwetu ni nchi ya dhahabu. Wapo watu wa kila mahali, kutoka Shinyanga, Kahama, Kigoma, hata nchi jirani, na sanduku la fedha halijifichi. Kila aliyelala nalo alilala jicho moja wazi. Kwa hiyo mwaka 2019 tukaamua fedha ikae kwenye simu. Huduma za fedha kwa simu zilikuwapo nchini tangu mwaka 2008 na zilikwisha kuzoeleka, na wengi wetu tulikuwa tukipokea fedha kutoka kwa vijana wetu walioko machimboni. Mweka hazina wetu alikuwa na simu janja, ile ya kupangusa, na laini yake ikawa ndiyo sanduku letu. Tulishangilia sana siku ile.

Hapo ndipo tulipokosea, nasi tunakiri kosa ni letu sote. Kidogo kidogo tukaacha kuja na vitabu vyetu vya hisa. Daftari kubwa lilipojaa hatukununua jingine. Mweka hazina akawa anaandika kila kitu kwenye simu, na karatasi za mahudhurio anazipiga picha. Kila mmoja wetu alisema, "Si iko kwenye simu?" Wazee walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tukadhani methali hiyo imepitwa na wakati.

Ikafika Desemba 2021, siku tano kabla ya mgao. Mnajua mgao wa Desemba ni nini kwetu: ni mbegu, ni mbolea, ni sare na madaftari ya watoto Januari. Mweka hazina wetu alikuwa amekwenda msibani upande wa Shinyanga, akakaa huko siku nne mahali pasipo umeme. Simu ikaisha chaji. Aliporudi akaichomeka kwenye umeme. Kimya. Akabonyeza kitufe. Kimya. Hakukuwa na taa wala mtetemo, kioo cheusi kama usiku wa mvua.

Akaja kutuambia siku ile ile, hakuficha. Nasi tulimjibuje? Jamani, tuseme kweli. Tulinyamaza mbele yake, tukasema nyuma yake. Bombani tukasema. Sokoni tukasema. "Eti simu imezima! Mbona izime wiki ya mgao?" "Kala hela huyo." Baadhi yetu walikwenda kwa mumewe kumhoji kama askari. Siku ya pili wanne wetu walikwenda kwenye kibanda chake wakabeba cherehani yake kuwa dhamana. Ni ile ile cherehani aliyoinunua kwa mkopo wa kikundi na kuulipa wote. Yeye hakutamka neno. Alitoa kitambaa alichokuwa anakishona, akakikunja, akawapisha.

Kesho yake tukaipeleka simu kwa fundi mmoja mjini. Akaishika dakika moja, akasema, "Imekufa. Inabidi kuiflashi, shilingi 25,000." Tulikuwa tayari kulipa. Mdogo wetu mmoja, ambaye siku zile hakuwa hata kiongozi, ndiye aliyeuliza swali: "Kaka, ukiiflashi, picha na maandishi vitabaki?" Fundi akasema, "Hapana, vinafutika vyote." Ndugu zangu, kumbukumbu za hisa za wiki 11 zilikuwa humo. Tukachukua simu yetu tukaondoka.

Mtoto wa mwenzetu mmoja anatengeneza redio na simu pale sokoni. Tulikuwa tumempita kwa sababu ni kijana mdogo na tunamfahamu tangu akiwa anatambaa. Tukamrudia kwa aibu kidogo. Yeye hakuifungua simu. Kwanza alitoa laini. Pili akajaribu chaja yetu kwenye simu nyingine, akaona inafanya kazi. Tatu akamulika tochi ndani ya tundu la chaji, akacheka, akasema, "Mama, mmepanda shamba humu." Akachukua kijiti chembamba cha mbao, akachokonoa taratibu, kikatoka kibonge cha vumbi la kijivu. Kibanda cha mweka hazina wetu kiko karibu na makarasha ya kusaga mawe, na simu hukaa mfuko wa mbele wa aproni. Vumbi la mawe lilishindiliwa humo mwezi hadi mwezi, mpaka kichwa cha waya kikawa hakifiki mwisho. Kikiingia, hakigusi.

Akaichomeka. Bado kimya! Tukaanza kunung'unika. Akasema, "Msiiguse. Nendeni mkapike, mrudi baada ya saa moja." Akatueleza kwamba betri za simu hizi, zinazoitwa za lithiamu, zikiisha kabisa na kukaa hivyo siku kadhaa hujifunga zenyewe ili zisiharibike. Ukizichomeka hupokea moto kidogo kidogo kwanza, kama mgonjwa anayeanza na uji. Simu huweza kukaa nusu saa au zaidi bila kuonyesha dalili yoyote, na anayekosa subira humwita maiti aliye hai.

Wakati tunangoja tukachukua ile laini. Ilikuwa imekatwa ndogo, ikabidi tuazime kifremu chake ili ikae kwenye kitochi. Mweka hazina akabonyeza namba yake ya siri mbele yetu sote, akampa katibu asome salio kwa sauti. Katibu akasoma: shilingi 4,260,000. Ndicho kiasi alichokitaja katika mkutano wa mwisho. Haikupungua hata mia.

Hakuna aliyeshangilia. Tulitazama chini.

Baada ya dakika kama arobaini kioo kikaonyesha picha ya betri yenye mstari mwekundu. Jioni ile simu ikawaka, kumbukumbu zote zikiwemo, na mgao ukafanyika siku yake. Usiku ule wanne wale wale wakairudisha cherehani.

Ndugu Mgeni Rasmi, hili ndilo hasa lililotufanya tuombe nafasi ya kusema leo. Cherehani ile tuliibeba mchana, watu wakiona. Tukairudisha usiku, asione mtu. Maneno tuliyasema sokoni, pole tukaitoa chumbani. Mweka hazina wetu yumo humu ukumbini, na ametukataza kumtaja jina, nasi tunamtii. Lakini leo, mchana huu, mbele ya watu wote na katika kitabu hiki kitakachobaki, tunairudisha cherehani mara ya pili. Mama, hukula hela. Ulikuwa mwaminifu, na sisi tulikudhulumu. Tunakuomba radhi. Wabeja sana kwa kuendelea kukaa nasi.

Tuliyobadilisha baada ya hapo ni haya. Daftari lilirudi, na halikosi hata siku moja. Kila mwanachama huja na kitabu chake, na hisa hugongwa muhuri mbele yake. Fedha ilihama kutoka laini ya mtu mmoja, kwa sababu tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha NIDA. Laini ya mtu ni ya mtu, na akipatwa na jambo, hatuwezi kuirudisha sisi bila yeye. Sasa tunatumia huduma ya vikundi ambayo fedha haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe. Zile kufuli tatu zimerudi kwa sura nyingine.

Akina mama wenzetu, wengi mtapatwa na simu iliyogoma kuwaka. Yule kijana ametusaidia kupanga mafunzo haya, yachukueni nyumbani:

Kwanza, msifadhaike na msiifungue. Ipigieni. Ikiita au kutetemeka bila kuonyesha kitu, huenda kilichokufa ni kioo tu.

Pili, jaribuni chaja na waya kwenye simu nyingine. Mara nyingi mbovu ni waya.

Tatu, mulikeni tundu la chaji. Vumbi litoeni kwa kijiti kikavu cha mbao, simu ikiwa imechomolewa. Msitumie sindano wala pini, na msipulize kwa mdomo, maana mate ni maji.

Nne, ichomekeni iache saa nzima. Kisha shikilieni kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini. Simu nyingi zilizoganda huamka hapo.

Tano, ikiwa imeingia maji, msiichaji hata kidogo. Toeni laini, ifuteni, ipelekeni kwa fundi mapema. Kuizika ndani ya mchele hakusaidii, mnapoteza mchele bure na kuingiza unga kwenye tundu.

Sita, betri ikivimba, acheni kabisa kuitumia. Msiitoboe, msiibonyeze, yaweza kuwaka moto.

Saba, mbele ya fundi yeyote ulizeni swali lile la mdogo wetu: "Vitu vyangu vitabaki?" Na laini mtoke nayo mkononi.

Na ikifa kweli kweli, msiichome moto. Ndani ya simu mna dhahabu, chembe ndogo sana, na wapo vijana wanaozichoma wakiitafuta. Moshi wake ni sumu. Sisi wa nchi hii tunayajua madhara ya zebaki, tusijiongezee mengine.

Tunamaliza. Wachimbaji wetu wanajua kwamba duara haliachwi kwa sababu siku moja halikutoa kitu. Simu ile tuliipa saa moja ya subira, ikawaka. Mwenzetu wa miaka sita hatukumpa hata siku moja. Hilo ndilo tulilojifunza katika miaka kumi, na tunawaomba mnaoanzisha vikundi vipya mjifunze kutoka kwetu, ili msilipe karo tuliyolipa sisi. Andikeni kila kitu, hesabuni mbele ya watu. Na mambo yakizimika, mulikeni tundu kabla ya kumtuhumu mtu.

Simu yenyewe bado ipo. Imepasuka pembeni, lakini inawaka. Leo ndiyo iliyopiga picha mtakazoziona katika kitabu hiki.

Mungu akibariki kikundi chetu, aibariki Geita na Shinyanga, aibariki Tanzania.