Ziwa Linapokasirika: Tamathali za Semi kwa Watoto wa Shule ya Msingi

Leo tunazungumza na walimu na wazazi wa Kabezi, na wa mwambao wote wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge.

Mtoto hutumia tamathali kabla hajajua jina lake. Akisikia wavuvi wakisema, "Leo ziwa limekasirika," anaelewa kwamba mitumbwi haitoki. Mwalimu aanzie hapo. Aulize: ziwa lina hasira kweli? Mmeona nini? Watoto watataja upepo, mawimbi, mitumbwi iliyovutwa ufukweni. Ndipo awape jina: tashihisi, yaani kukipa kitu tabia ya mtu.

Kisha tashbihi. Weka ndagala wakavu mezani, watoto wawatazame: "Wanang'aa kama..." Kila mtoto amalizie mwenyewe. Mmoja atasema sindano, mwingine mabati mapya. Ondoa "kama", sema "ndagala ni sindano za fedha," na hapo umefika kwenye sitiari.

Nyumbani nako kuna vitendawili, ambavyo mara nyingi hujengwa kwa sitiari. Kwa Kirundi mzazi husema "Sokwe!" na watoto hujibu "Niruze!", kwa Kiswahili ni "Kitendawili!" na "Tega!" Shuleni wanasoma lugha zote mbili, pamoja na Kifaransa na Kiingereza, kwa hiyo pokea hata jibu la Kirundi, kisha msaidie mtoto alitamke kwa Kiswahili.

Tuepuke kukaririsha orodha ya ubaoni. Aliyetunga tashbihi moja yake mwenyewe ameielewa kuliko aliyekariri kumi za kitabuni. Jioni hii mtegee mwanao kitendawili, halafu naye akutegee.