Mkulima wa Korosho Anapewa Stakabadhi, Mwenye Kabati Je?



Mkulima wa korosho kule Masasi akipeleka magunia yake ghalani, haondoki hivihivi. Korosho zinapimwa, ubora wake unaangaliwa, daraja linaandikwa, naye anapewa karatasi inayoonyesha ameacha kilo ngapi. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na kwenye korosho mfumo huu ulianza msimu wa 2007/08. Una malalamiko yake, na wakulima wameyasema kwa sauti kubwa. Hata hivyo mali ikitoka mkononi mwa mtu kuingia mkononi mwa mwingine, karatasi ipo.

Sasa mtazame mtumishi wa umma aliyepata barua ya uhamisho, Dar es Salaam kwenda Dodoma. Kabati la mninga, friji, cherehani, magodoro, makochi ambayo deni lake halijaisha, vyote vinapakiwa kwenye Fuso alfajiri na vijana ambao hajawahi kuwaona. Lori likikata kona, kilichobaki mkononi mwake ni namba ya simu ya dereva.

Jambo hili linaniuma, na leo naomba nilisemee.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa TANU, mwaka 1973. Lakini watumishi walianza kuhama kwa wingi baada ya Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yake inakwenda huko kweli. Tangu hapo, hizi kilomita 450 hivi za kupita Chalinze, Morogoro na Gairo zimebeba vyombo vya familia nyingi mno. Treni ya SGR iliyofika Dodoma mwaka 2024 imewarahisishia safari wao na watoto wao. Kabati bado linakwenda kwa lori.

Na bei ya lori, msikilizaji, haipangwi na kilomita peke yake. Inategemea lori lilikuwa linakwenda wapi kabla hujalipigia simu. Liko lori lililoshuka na mahindi kutoka Kibaigwa, likashusha Tandale au Manzese, na sasa mwenyewe hataki lirudi tupu. Huyo atakupa bei nafuu sana, kwa sababu mafuta ya kurudi alishayahesabu. Dalali akikwambia ana gari la bei ya kutupa, mara nyingi ndilo hilo.

Si gari baya. Ila uliza mambo mawili. La kwanza, bodi limefagiliwa? Lori la nafaka hubaki na vumbi na wadudu, na lori la mkaa sihitaji kulieleza kwa mtu mwenye kochi la kitambaa. La pili, na hili ndilo kubwa, utapakia peke yako au kuna mzigo mwingine? Maana bei ya kutupa mara nyingi ina maana kwamba vyombo vyako ni nyongeza tu. Mbele kuna saruji ya mtu wa Morogoro, nyuma kuna bati za mtu wa Gairo. Kila kituo, ili mzigo wa mwenzako ushuke, wa kwako unashushwa kando ya barabara na kupakiwa upya na vijana wengine, gizani, huku dereva akiwahimiza. Miguu ya meza inavunjikia hapo. Ukiweza, ongeza hela uchukue gari dogo zima, Canter badala ya nusu ya Fuso. Mimi kwa hilo sina mashaka.

Kisha kuna bima. Stika ile ya bima kwenye kioo cha lori huwapa watu matumaini yasiyo na msingi. Bima ndogo, ambayo sheria inalazimisha kila gari kuwa nayo, ni kwa ajili ya watu wengine watakaodhurika na gari hilo. Bima kubwa inaongeza gari lenyewe. Vyombo vyako vilivyo juu ya bodi havimo, mpaka iwepo bima ya mzigo ulio safarini, nayo ni mkataba mwingine kabisa. Basi muulize mwenye gari: bima ya mzigo unayo? Akijibu kwamba gari lina bima zote, swali lako hajalijibu.

Na vyombo vikifika kabla ya nyumba? Hili hutokea sana. Tarehe ya kuripoti kazini haisubiri fundi amalize kupaka rangi. Kampuni za kutunza vyombo vya nyumbani hazijaenea kwetu, kwa hiyo watu hukodi fremu ya duka, au humwomba shemeji chumba cha uani. Vyombo vinakaa humo mwezi, miezi mitatu, wakati mwingine mwaka.

Hapo adui ni wengine. Ukiviacha Dar es Salaam, adui ni unyevu: godoro linashika ukungu, vyuma vya cherehani vinashika kutu. Ukivitunza Dodoma, adui ni mchwa na panya. Visiguse sakafu wala ukuta; weka matofali na mbao chini, acha nafasi ya kupitisha mkono nyuma ya kabati, na mtu apite kuangalia mara kwa mara. Friji likaushwe ndani na mlango uachwe wazi kidogo. Na ujue kwamba mbao iliyozoea hewa ya pwani, ikifika kwenye ukavu wa Dodoma, husinyaa. Droo italegea na maungio yatafunguka kidogo hata kama hakuna aliyeligonga kabati lako. Nasema hivi kwa sababu nimesikia madereva wakitukanwa kwa kosa ambalo si lao.

Haki ya dereva nayo ninaitetea. Yeye na utingo wake hulaumiwa kwa sahani iliyokuwa na ufa tangu Sinza. Huambiwa mzigo ni vitu vichache, wakifika wanakuta nyumba ya vyumba vinne. Wakidai nyongeza wanaitwa matapeli. Matapeli wapo, wanaodai hela zaidi wakiwa wameshafika getini na turubai halijafunguliwa, wakijua huna pa kwenda. Lakini bila karatasi hakuna wa kumtenganisha tapeli na mtu aliyedanganywa kuhusu ukubwa wa mzigo.

Sheria yetu ya Mikataba inasema anayekabidhiwa mali ya mwenzake anapaswa kuitunza kwa uangalifu ambao mtu makini angetumia kwa mali yake mwenyewe. Kanuni hiyo inamhusu mwenye lori, na inamhusu mwenye fremu. Tatizo ni ushahidi. Utaidai vipi sufuria ya sita kama hakuna palipoandikwa kwamba zilikuwa sita?

Ndiyo maana ninasema na waajiri, wizara, halmashauri na mashirika mnaoandika barua za uhamisho. Kwanza lipeni stahili ya uhamisho kabla mtu hajafunga mizigo. Mtu anayehama kwa mkopo hana ubavu wa kuchagua gari. Anachukua lolote linalokubali kulipwa mwisho wa mwezi. Pili, barua hiyo iambatane na fomu ya ukurasa mmoja. Iwe na orodha ya vyombo na hali ya kila kimoja. Iwe na bei yote, hela ya kupakia na kushusha ikiwa ndani yake, tarehe ya kufika, namba ya gari na jina la mwenye gari pamoja na la dereva. Iwe na mstari unaosema nani analipa kitu kikivunjika, na kama mzigo unapita stoo, mstari mwingine wa siku ulipoingia na siku ulipotoka. Sahihi mbili, nakala mbili.

Kwa wewe unayepakia wiki hii, kabla fomu hiyo haijatungwa, daftari la shule linatosha. Andika, piga picha za vyombo mbele ya dereva, asaini naye, na malipo ya awali yapitie kwenye simu kwa jina mliloandika. Dereva wa kweli hatakataa, kwa sababu karatasi hiyo inamlinda yeye pia. Akikataa, bado uko mlangoni kwako na vyombo vyako viko ndani. Tafuta gari jingine.