Rushwa Serikalini na Afya ya Umma: Kinachopotea kati ya Hazina na Zahanati

Hoja ya mada hii ni kwamba rushwa serikalini, yaani kutumia dhamana ya umma kwa manufaa binafsi, humdhuru mgonjwa si kwa kashfa zinazojaza magazeti pekee, bali zaidi kwa uvujaji wa kila siku wa fedha na dawa ambao hauna anayeuhesabu.

Mwaka 2000 watafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Sanjeev Gupta, Hamid Davoodi na Erwin Tiongson, walionyesha kuwa vifo vya watoto katika nchi zenye rushwa nyingi huzidi kwa karibu theluthi moja vile vya nchi zenye rushwa kidogo. Takwimu hiyo hunukuliwa mno, pengine kuliko inavyostahili, kwa kuwa umaskini nao huchochea rushwa na wakati huohuo huua watoto.

Ushahidi ulio imara zaidi hupatikana kwa kuifuata shilingi hatua kwa hatua. Nchini Chad, uchunguzi uliofanywa mwaka 2004 ulibaini kwamba mikoa, ambayo kwa mujibu wa bajeti ilistahili asilimia 60 ya fedha za uendeshaji za Wizara ya Afya zisizo za mishahara, ilipata takriban asilimia 18 tu, na vituo vya afya vikaambulia chini ya asilimia 1. Si zote zilizoibwa, maana nyingine hukwama katika urasimu. Lakini kituo kisichopata mgawo wake hujiendesha kwa kupandisha bei ya dawa, na anayeshindwa kulipa hurudi nyumbani na homa yake.

Katika ununuzi, Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, inatoa mfano ulio wazi. Mwaka 1996 serikali ya jiji hilo ilizitaka hospitali 33 za umma zitoe taarifa za bei zilizolipa kwa bidhaa za kawaida, kama vile spiriti na maji ya chumvi ya dripu, kisha ikazisambazia ulinganisho wa bei hizo. Katika miezi 9 ya mwanzo bei zilishuka kwa takriban asilimia 15, ingawa baadaye zilianza kupanda tena.

Kuhusu wananchi kusimamia huduma wenyewe, Uganda inatoa somo gumu zaidi. Utafiti wa Martina Björkman na Jakob Svensson, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha vituo 50, ulieleza kwamba wanavijiji walipopewa taarifa za utendaji wa kituo chao na kukaa kikao na watumishi, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa theluthi moja. Lakini jaribio jingine lililofuata nchini humohumo, katika vituo 376, halikuona upungufu huo wa vifo. Matokeo hayo ya pili hayashangazi sana, kwa sababu mwanakijiji anaweza kumbana muuguzi asiyefika kazini, ilhali zabuni inayoamua kama dawa zitafika hufunguliwa katika ofisi za mbali, ambako yeye hakai kikao na mtu.