Mbung'o Wawili wa Shinyanga



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya aina za viumbe: namna zinavyotambuliwa, na namna zilivyopata kuachana. Watu wengi hudhani kwamba jambo hili ni la darasani tu, la kukariri majina ya Kilatini. Lakini wenyeji wa Shinyanga, Kahama na Geita wanayo sababu kubwa ya kulijua. Katika nchi yao wako wadudu wawili wafananao kama ndugu, na kutofautisha mmoja na mwenziwe kulihusu uhai wa ng'ombe na wa watu. Wadudu hao ni mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo.

Kwanza tutazame kazi ya kupanga viumbe. Kila mfugaji huifanya. Ajua kwamba mbuzi na kondoo wako karibu kuliko mbuzi na punda, ingawa wote hulala katika zizi moja. Wataalamu nao hupanga kwa udugu, wala si kwa makao. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi aliwapa wanyama majina mawili mawili: la kwanza ni kama jina la ukoo, la pili ni la aina yenyewe. Ukoo wa mbung'o huitwa Glossina, nao una aina zaidi ya 20. Watambulika kwa urahisi: mbung'o akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa, na mrija wake wa kunyonyea huelekea mbele. Dume na jike wote hunywa damu.

Sasa tutazame makao yao. Katika pori kavu la migunga, upande wa Shinyanga na Maswa, aishi Glossina swynnertoni. Jina hilo alipewa mwaka 1923 kwa heshima ya Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o katika Tanganyika mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Katika misitu ya miombo, upande wa Kahama na Geita, ambako mvua ni nyingi zaidi, makao ni ya Glossina morsitans. Na katika vichaka vya kando ya Ziwa Viktoria iko aina ya tatu, Glossina fuscipes, ipendayo kivuli na unyevu wa pwani ya ziwa. Mbung'o hawa huchukua vijidudu viletavyo nagana kwa ng'ombe, na vingine viletavyo malale kwa watu. Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa.

Huyu wa migunga na yule wa miombo hufanana mno. Wataalamu huwatenga kwa kutazama kwa hadubini viungo vya uzazi vya dume. Je, tofauti ndogo hivyo yatosha kusema kwamba ni aina mbili? Bwana F. L. Vanderplank, mtafiti wa Shinyanga, alitafuta jibu katika miaka ya 1940. Aliwakutanisha. Akaona kwamba dume wa aina moja humpanda jike wa aina nyingine bila kusita, lakini watoto wapatikanao ni wachache sana, na madume machotara ni tasa. Ni kama nyumbu azaliwaye na punda na farasi: ana nguvu, lakini ukoo wake wakoma hapo hapo. Basi, hii ndiyo mizani. Tusiulize tu kama viumbe wafanana, bali tuulize kama uzao wao waendelea.

Vanderplank hakuishia hapo. Mbung'o si kama nzi wa jalalani atagaye mayai kwa mamia. Jike hubeba buu mmoja tumboni, humlisha maziwa ya mwili wake, humzaa baada ya siku tisa au kumi, naye buu hujichimbia udongoni. Tena jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Kwa hiyo jike aliyepandwa na dume asiyemfaa amepoteza uzazi wake. Mwaka 1944 Vanderplank alianza kupeleka mbung'o wengi wa miombo katika pori kavu la kilomita za mraba 26, makao ya mbung'o wa migunga. Wenyeji wa pori walipungua sana kwa kuoana na wageni. Na wageni nao, kwa kuwa ukame haukuwafaa, hawakuweza kudumu. Hivyo elimu ya aina za viumbe ikawa silaha.

Lakini aina hizi mbili zilitoka wapi? Ukoo wao ni wa kale sana. Katika mawe ya Florissant, huko Colorado, Marekani, imeonekana alama ya mbung'o walioishi miaka milioni 34 hivi iliyopita, ingawa leo hakuna mbung'o huko. Watoto wa mzazi mmoja hawalingani kamwe. Mmoja huvumilia jua, mwingine hukauka upesi. Nchi ikiwa kavu, yule wa kwanza huishi na kuzaa, na watoto wake humrithi. Wakitengwa na wenzao kwa vizazi vingi, tofauti hujilimbikiza hata hawawezi kuzaana tena. Huko ndiko kubadilika kwa viumbe, alikokueleza Charles Darwin mwaka 1859. Hakuna mbung'o aliyeazimia kubadilika. Nchi ndiyo iliyochagua.

Uchaguzi huo waonekana hata katika mazizi. Wanyama wengi wa pori hubeba vijidudu vya nagana bila kuugua sana, kwa kuwa wazazi wao waliishi navyo tangu zama za kale, na walio dhaifu walikwisha kufa. Ng'ombe wa N'Dama wa Afrika Magharibi, waliokaa na mbung'o maelfu ya miaka, huvumilia. Ng'ombe wetu wenye nundu hawajapata muda huo, ndiyo maana hukonda na kufa.

Basi, faida yake ni nini kwetu? Zamani dawa ya mbung'o ilikuwa shoka. Tangu miaka ya 1920 Wasukuma walifyeka pori kubwa, na ng'ombe wakapata malisho. Lakini baadaye sehemu nyingi za Shinyanga zilibaki tupu, bila kuni wala kivuli. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, na watu wakarudisha miti kwa desturi yao ya ngitili. Ajuaye aina ya adui wake hana haja ya kuangamiza pori zima. Huko Unguja, madume ya Glossina austeni yaliyofanywa tasa yalitawanywa kutoka angani, na mbung'o wa mwisho wa kisiwa hicho alinaswa mwaka 1996, na miti imesimama.

Nanyi wanafunzi, mkimwona mdudu, msiridhike kusema "ni mdudu tu". Tazameni mabawa yake, makao yake, chakula chake na uzao wake, kisha mwandike. Shoka hukata kila mti ulio mbele yake. Ni jicho lililofundishwa ndilo liwezalo kuchagua.