Hotuba ya Mwenyekiti: Cherehani ya Viraka Nyumbani



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo Mweka Hazina ameshazieleza, hatuzirudii. Sisi tumeombwa tuseme juu ya cherehani, maana hakosekani mwanachama anayeomba mkopo wa kununua moja ya kushonea viraka nyumbani, na kikundi hiki kimewahi kuumia kwa jambo hilo.

Mwaka 2018 tulitoa mikopo minne ya cherehani. Tulikwenda mjini sote pamoja, tukachagua kwa macho. Tulizipenda zile nyepesi za umeme, nyeupe, zinazoshona mpaka maua. Muuzaji akashona kitambaa chake chepesi, tukapiga makofi, tukalipa. Shule hazijafunguliwa, kaptura za kaki zikazishinda. Kumbe ndani mna gia za plastiki, zikasagika. Fundi akafungua, akafunga, akasema kipuri hana na hajui kinapatikana wapi. Mbili zikafa namna hiyo. Mwenzetu mmoja akashindwa kurejesha mkopo. Sisi tukafuata katiba, tukakata hisa zake, na maneno ya kisimani tukaongeza. Hakukanyaga mkutanoni miaka mitatu. Jamani, ile cherehani tulimchagulia sisi!

Basi siku hizi tunaanza na fundi, hatuanzi na muuzaji. Tunamwuliza: cherehani gani ukiletewa imeharibika, kipuri unacho? Jibu huwa ni zile nyeusi za chuma, Singer za zamani na Butterfly za Kichina, zinazotumia bobini ya duara. Nyingi katika hizo sindano na bobini ni za aina moja, hata dukani zipo. Ila angalieni, zipo Singer za kizamani zaidi ambazo bobini yake ni ndefu nyembamba, inakaa ndani ya chombo chenye umbo la mtumbwi. Zinashona vizuri sana, lakini mtumbwi huo ukipotea, umekwisha.

Ya mkono au ya miguu? Ya miguu inakuachia mikono yote miwili ya kuongoza nguo, na anayetaka kushona biashara aichukue hiyo. Kwa viraka na pindo za nyumbani ya mkono inatosha. Ni rahisi kuliko ya miguu, haili umeme, na usiku unaiweka uvunguni.

Rangi mpya na maua ya dhahabu visikudanganye, hupakwa juu ya ubovu. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Likiwa zito, usikimbie. Mara nyingi mtu alitia mafuta ya kupikia yakaganda kama gundi, na mafuta ya taa yatayatoa. Mwambie muuzaji ni nzito, apunguze bei! Lakini kama chuma kinachoshika sindano kinachezacheza kama jino bovu, au yale meno ya chini yanayosukuma kitambaa yamelika, hiyo iache hapo hapo.

Halafu shona. Usishone kitambaa cha muuzaji, shona cha kwako. Chukua kaki uikunje mara mbili iwe tabaka nne, na kipande cha khanga iliyochakaa, maana nguo za kutiwa viraka ndizo hizo. Geuza uangalie chini. Ukikuta vitanzi vya uzi chini, muuzaji atasema ni bobini. Sivyo, mara nyingi kosa ni la uzi wa juu. Inua mguu unaokandamiza kitambaa, tunga uzi upya tangu mwanzo, ujaribu tena. Ikiruka mishono, badilisha sindano kwanza, huenda ni butu au imewekwa kinyume. Kwa kaki sindano namba 16, kwa khanga 11 au 14. Tulikuwa tunashonea zote sindano moja mpaka ikatike, tukilaumu uzi.

Kuhusu yule mwenzetu. Mwaka 2021 tulikwenda nyumbani kwake, kamati nzima, tukamwomba radhi na kumrudishia hisa zake. Hakutujibu siku hiyo. Alitupa chai tu. Mwezi uliofuata alikuja mkutanoni, akakaa nyuma. Sasa mwanachama akipata mkopo wa cherehani, yeye ndiye anayefuatana naye kwenda kununua, kaki na khanga vikiwa kwenye kikapu chake. Yeye akikataa cherehani, kikundi hakitoi fedha. Wauzaji wa mjini wameshamjua, wengine wakimwona wanafunika vitu vyao.